Breki Zilizopotea Zikarudi

Wanjiku mjukuu wangu,

Natumaini Nairobi inakutunza. Sisi tu wazima. Shangazi yako amehamia Kiamunyi na analalamikia vumbi.

Unauliza kama fundi alichezea breki zako, maana zilikataa ukiteremka Mai Mahiu, na kesho yake zikashika vizuri.

Miaka ya hamsini nilifanya kazi kwenye gereji ya Harjit, aliyeshiriki mashindano ya magari. Siku moja mazoezini breki zilimkatalia kwenye kona, akaingia majanini. Alishuka akamkazia macho fundi wetu, Njoroge.

"Umelegeza nini?"

"Sijalegeza kitu, bwana."

"Basi ni shetani?"

Wakati ule wa hali ya hatari, wakoloni wakitukamata kwa shaka tu, tuhuma ya kuharibu gari ingemfikisha Njoroge kizuizini. Nikauliza haraka, "Pedali ilizama?"

"Hapana. Ilikuwa ngumu kama jiwe, na gari likaendelea tu!"

Mafuta ya breki yakivuja, pedali huzama. Ikibaki ngumu, shuku joto: breki zikichemka hazishiki, zikipoa hushika tena. Yako ilikuwaje?

Tuligusa breki, zikatuunguza. Matundu yake ya hewa tulikuwa tumeyaziba kwa bati la debe ili vumbi lisiingie, kwa amri ya Harjit mwenyewe. Tukayazibua. Akazunguka tena kwa kasi ile ile, na breki zikashika.

"Haya, yameisha," Harjit akacheka.

Njoroge hakucheka. Tangu siku hiyo hakugusa breki za gari lile kabla ya kumwita: "Njoo usimame hapa, bwana, uone mikono yangu."

Akupendaye,
Babu