Kiatu Kilichobaki kwa Kina Zuhura

Jumatatu, 4 Mei

Madaftari arobaini na mawili, yote yamesahihishwa kabla ya chai. Chaki imeisha tena. Koo linakwaruza.

Mwalimu mkuu ametukumbusha: Siku ya Utamaduni na Wema ya shule zote za wilaya ni Ijumaa tarehe 22. Kila shule ilete ngoma, chakula, kazi za wanafunzi, na mtoto mmoja wa kuzungumza dakika tano juu ya "Nyumbani Kwetu". Ngoma yetu moja imechanika. Lakini mzungumzaji tunaye. Zuhura, wa darasa langu la tano. Miaka kumi na moja, mwembamba, sauti inayofika ng'ambo ya uwanja bila yeye kupiga kelele. Leo amesoma hadithi ya fisi, hata wale wa nyuma wanaoishi kwa kusinzia wakainua vichwa. Nimemteua palepale. Nashukuru Mungu kwa mtoto huyu.

Jumatano, 6 Mei

Kipindi cha mwisho nimepanga makundi ya maonyesho. Nimepita dawati kwa dawati nikiuliza kwao ni wapi, huku nikimtania kila mmoja. Mimi Msukuma wa Busisi, mdomo wangu haukuumbiwa kufungwa. Wahaya nimewaomba wasitumalizie muda kwa kujisifu. Wasukuma wenzangu nimewaambia safari hii waje bila miwani ya jua. Mwalimu Malogo, Mgogo, mtani wangu wa miaka tisa, alikuwa mlangoni. Nikamwambia mlenda wake unapoa Dodoma. Darasa hoi.

Nikafika kwa Zuhura. Akasema, "Mwalimu, sisi hatuna kabila moja."

Nikasema, "Basi wewe ni mtoto wa stendi."

Stendi ya mabasi ya Buzuruga iko hapo nyuma ya shule. Wamecheka mpaka kengele ikalia. Kipindi kizuri.

Alhamisi, 7 Mei

Zuhura hajanyoosha mkono hata mara moja. Pengine malaria. Nitamwuliza kesho.

Ijumaa, 8 Mei

Si malaria.

Wakati wa mapumziko nimesikia watoto wa darasa la nne, si hata wangu, wakiimba: "Stendi, Stendi, gari lenu limeondoka!" Zuhura alikuwa ameinama bombani, anajifanya anakunywa maji. Hakuna mtu anayekunywa maji muda wote ule.

Hapa kwetu mtoto wa stendi ni yule asiye na kwao, anayelala chini ya mabasi. Nimekaa Buzuruga miaka kumi na minne. Nilijua, na nikasema. Naona aibu.

Jumatatu, 11 Mei

Zuhura hakuja. Amempa mwenzake karatasi aniletee. Ni ile ya kuandikia mazungumzo yake. Juu ameandika "Nyumbani Kwetu" kwa mwandiko mzuri. Chini hakuna kitu.

Mwalimu mkuu anataka nimteue mwingine, siku zimebaki chache. Nimekataa. Nikimweka mwingine nitakuwa nimemthibitishia kwamba nilichosema ndicho.

Jumanne, 12 Mei

Nimefoka darasani. Nimesema atakayetamka neno lile atasafisha choo mwezi mzima. Nilipogeukia ubao, mmoja akaiga honi ya basi. Nilistahili.

Kwenye chumba cha walimu Malogo amenisubiri nimalize kulalamika, kisha akasema, "Mimi ukinitukana nacheka kwa sababu kesho zamu yangu. Yule mtoto angekujibu nini, Kabula? Wewe ni mwalimu wake."

Imeniuma kwa sababu ni kweli. Malogo alipofiwa na baba yake, nilikwenda kukaa kwenye kiti chake nikagoma kutoka mpaka nipewe chakula, na yeye akacheka huku machozi yanamtoka. Nilikuwa na haki ile ya mtani. Hata yeye anayo kwangu. Kwa Zuhura sikuwa nayo, na yeye kwangu hakuwa na chochote. Miaka yote hii nimekuwa nikiwatania watoto wasioweza kunijibu, halafu najiita mwalimu mcheshi.

Kesho nakwenda kwao.

Jumatano, 13 Mei

Nimekwenda.

Nyumba ya pili nyuma ya stendi. Barazani cherehani mbili za baba yake, ambaye ni fundi nguo. Aliyenipokea ni bibi yake, Bi Mwanaidi. Nimevua viatu mlangoni, nikampa shikamoo yake, nikaketi mkekani. Akaleta kahawa na kashata. Nikaeleza kosa langu lote, sikulipunguza. Hakunikatiza hata kidogo. Zuhura alikuwa nyuma ya pazia la chumbani. Niliona vidole vya miguu.

Nilipomaliza, Bi Mwanaidi akaanza kuhesabu kwa vidole. Baba yake yeye katoka Ujiji. Mama yake Tabora. Marehemu mume wake nusu Mwarabu, kazaliwa Magu. Mkwe wake, mama wa Zuhura, Mhaya wa Muleba. "Sasa mwanangu, mjukuu wangu ulitaka acheze ngoma ipi?"

Nikanywa kahawa iliyokwisha.

Nilipoaga na kutoka, kiatu kimoja hakipo. Nimetafuta chini ya benchi, nyuma ya ndoo, chini ya cherehani. Hakipo. Nikamtazama bibi. Amekaa palepale, uso mkavu, anahesabu tasbihi.

"Ulitaka utani na nyumba hii," akasema. "Umekaribishwa. Kiatu kinakombolewa kwa matobolwa, viazi vikavu vya kwenu Busisi. Na ujue, humu ndani huwa tunajibu."

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Kicheko kidogo, kimebanwa na kiganja, lakini nimekisikia.

Nimerudi na kandambili za bluu za chooni kwao, kiatu kimoja mkononi, nikikatiza stendi nzima. Makondakta wamenisindikiza kwa maneno. Sijali. Nimecheka mwenyewe njiani, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Alhamisi, 14 Mei

Viatu vyangu vingine viko kwa fundi, soli imebanduka. Nimefundisha na kandambili. Mwalimu mkuu ametazama miguu yangu, kisha akatazama dari. Malogo amefurahi kupita kiasi.

Zuhura amekuja shule. Hajasema nami. Ila ametazama miguu yangu, halafu akajificha nyuma ya daftari.

Jumamosi, 16 Mei

Busisi. Zamani safari hii ingenila siku nzima, nusu yake kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Leo basi limepita juu ya daraja kama mchezo, nikafika mapema mpaka mama akadhani nimefukuzwa kazi.

Akauliza matobolwa ya nani. Nikamweleza yote. Mama ana miaka sabini na mbili na mimi arobaini na sita, lakini amenigombeza kama niko darasa la tano. Kisha akaingia ndani akatoka na ndoo. Ndiyo yaliyobaki ya viazi vya mwaka jana, aliyoyachemsha, akayakata na kuyaanika mwenyewe. Alikuwa anayatunzia wageni. Nikamwambia nusu inatosha. Akasema mwenye kosa hapimi. Nikabeba ndoo yote.

Nilimshukuru. Sidhani kama nilimshukuru vya kutosha.

Jumapili, 17 Mei

Bi Mwanaidi ameyakagua moja moja kama anakagua dhahabu. Akatafuna kipande, polepole. "Gumu kama kichwa cha aliyelileta," akasema. Nikamjibu kwamba lawama si ya matobolwa, ni ya meno yake ya zamani aliyorithi Ujiji. Amecheka mpaka akashika ubavu. Hapo nikajua nimepokelewa.

Kiatu amekileta Zuhura. Kimepakwa rangi, kinang'aa kuliko mwenzake. Alikishika kwa mikono miwili, hakuniachia.

"Mwalimu, Ijumaa nikizungumza, na mimi naruhusiwa kukutania?"

Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

"Mbele ya afisa elimu?"

Nikarudia: Ndiyo.

Akanipa kiatu, nami nikamrudishia kandambili.

Jumatano, 20 Mei

Anafanyia mazoezi kwa Malogo, chini ya ngazi za maktaba. Mimi sitakiwi. Malogo akipishana nami anatabasamu tu. Mgogo huyu.

Ngoma imewambwa upya na baba wa mtoto mmoja, bure kabisa. Kina mama wa Kihaya wameahidi senene wa kukaanga. Fundi, baba yake Zuhura, ameshona vitambaa vya kichwa vya kundi zima kwa vipande vilivyobaki, na hakutaka tumtangaze. Watu wema wamejaa mtaa huu. Mimi nilikuwa nawapita tu.

Lakini naogopa. Kuchekwa nitavumilia. Naogopa atasimama, aone ule umati, anyamaze, halafu neno langu libaki kuwa la mwisho. Leo tena nimesikia honi ya basi kwenye mstari wa chakula.

Ijumaa, 22 Mei

Niandike yote, nisije nikasahau.

Uwanja umejaa. Shule kila upande, maturubai, watoto wa Kikerewe na ngoma zao, watoto wa shule ya mjini wenye asili ya Kihindi wanacheza kwa vijiti vya rangi, na wetu wa Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Kisukuma, wamewaiga mpaka wakaingia katikati yao. Hakuna aliyepanga. Majembe na vijiti mzunguko mmoja. Afisa elimu amesimama kwenye kiti kupiga picha. Meza ya senene imekwisha kabla ya hotuba. Kulikuwa na ubao ambapo kila mtoto anabandika jina la mtu aliyemtendea wema wiki hii. Saa tano ubao ulikuwa hauonekani.

Ikaja zamu yetu. Zuhura akapanda, sare yake, kitambaa cha baba yake kichwani. Akashika kipaza sauti. Akanyamaza.

Nilihesabu pumzi zangu. Mahali fulani nyuma, mtoto akapiga ile honi.

Zuhura akaielekea ile sauti, akatabasamu, akasema, "Ndiyo. Hilo ni basi la kwetu."

Watu wakacheka, na sauti yake ikafunguka.

Akasema anaitwa Zuhura na nyumbani kwao ni stendi ya Buzuruga. Akasema baba wa bibi yake alishukia pale akitoka Ujiji. Mama wa bibi akitoka Tabora. Babu akitoka Magu, mama yake akitoka Muleba. "Na nyinyi wote ambao wazee wenu walikuja Mwanza kutoka mbali, mlishukia kwetu. Nani aliwaonyesha maji? Nani aliwaambia choo kiko wapi? Hatukuwauliza kabila. Tuliwauliza mmeshiba."

Nimemwona afisa elimu akivua miwani.

"Mwalimu wangu, yule pale, ni Msukuma wa Busisi. Na yeye alishukia kwetu. Akatoka na kandambili za chooni za bibi yangu. Amejikomboa kwa ndoo moja ya matobolwa, ingawa bibi anasema tulizidishiwa, thamani yake mwenyewe haifiki nusu ndoo."

Shule zote zimecheka, na mimi nimecheka na kulia kwa pamoja, sura haifai. Malogo amenipiga mgongo mpaka nikakohoa. Bi Mwanaidi alikuwa mstari wa mbele, ushungi umemteleza, anaonyesha watu kandambili alizovaa. Zilezile za bluu.

Wakati wa kuondoka, watoto wa la nne wamemzunguka Zuhura. Mmoja anamwuliza kama na yeye anaweza kuwa wa stendi. Zuhura akamwambia itabidi aulize kwa bibi.

Sina la kuongeza. Nashukuru.

Jumatatu, 25 Mei

Asubuhi ya ubaridi, upepo wa ziwani. Chaki zimekuja, boksi mbili. Nimevaa viatu vyangu. Kile kimoja bado kinang'aa zaidi. Sijakisawazisha na mwenzake.

Nimeita majina. Mtoto mmoja mgonjwa, mmoja amechelewa. Nilipofika kwa Zuhura sikuinua kichwa.

"Nipo, mtani."

Darasa zima likanitazama nitafanya nini. Nikaweka alama ya vema, nikaendelea na jina linalofuata.

Kisha tumesoma ukurasa wa sitini na moja.