Senti Selasini

Mjukuu wangu Kabula,

Huku Segese hatujambo, na mama yako kavuna pamba. Umeuliza mbona dukani nasoma risiti kabla sijaondoka. Hili sijawahi kumwambia mtu: nikiwa shule ya bweni Shinyanga sikuwa na rafiki. Niliogopa kuongea, maana lafudhi yangu ilichekwa.

Siku ya kufunga shule nilinunua sabuni. Muuzaji, Msukuma mwenzangu, alitaja thelathini kwa lafudhi yetu, "selasini". Mwenye duka akasikia themanini, akanidai. Ningelipa hizo, nauli ya kurudi nyumbani isingetosha.

"Ni senti selasini," nikanong'ona.

"Selasini!" wateja wakaangua kicheko. "Mwanafunzi, rudi darasani!"

"Acheni," mwenye duka akasema. "Ngapi, mwanangu?"

Nikarudia vilevile, kwa sauti: selasini. Akaelewa; nikalipa thelathini, nikapanda basi, nikakaa peke yangu dirishani hadi nyumbani.

Babu yako