Nani Aliyempaka Mtoto Tende

Darsait,
Maskati.
17 Desemba 1970

Mpendwa Dada Mahbuba,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limepoa, sasa unapanda ngazi bila ya kumtukana aliyeijenga nyumba. Huku kwetu hatujambo. Mume wangu Marhoon mzima, anakula, analala, anakoroma. Mwanangu Hind amejifungua salama mtoto wa kiume, na maziwa yanatoka. Mimi pia mzima, ukiondoa hicho unachokijua, ambacho hakiondoki.

Barua yako ya Idi nimeipata. Kurasa nne, na zote zinazunguka swali moja tu: nani atakayempaka mtoto tende? Uko Mombasa, bahari nzima iko kati yetu, na bado umejua pa kunibonyeza. Nitakujibu, lakini itabidi ungoje kidogo. Siwezi kukueleza habari ya tende kabla sijakueleza habari ya kinywa changu, na kinywa changu kimenichosha.

Bombay nilikwenda, kama ulivyonisisitiza. Daktari ni Mhindi mmoja mpole, mikono yake inanukia sabuni. Alinitia ukanda wa karatasi ndani ya kope, akaniambia nifumbe macho nitulie. Alipoutoa, ulikuwa mkavu kama ulivyoingia. Akanichungulia mdomoni kwa taa, akanibonyeza chini ya taya, akaniambia maradhi haya yana jina la mzungu fulani, jina ambalo nisingeweza kulitamka hata kama ningekuwa na mate. Maana yake, alisema, ni kuwa mwili una walinzi wake wa kupigana na maradhi, na walinzi wangu mimi wamepotea njia. Wanazipiga tezi za mate na za machozi wakidhani ndizo adui.

Nikamuuliza dawa yake. Akasema ya kuyaondoa hajaiona bado. Ninywe maji kidogo kidogo, nisafishe meno kila nikila, niache vitu vitamu. Dada, nimetapika ndani ya meli kwenda na kurudi ili niambiwe ninywe maji.

Niliporudi nikafanya kosa la kuwaeleza watu. Hakuna hata mmoja hapa Darsait aliyekubali kuwa mwili unaweza kujipiga wenyewe. Jirani wa kushoto anasema ni kijicho, kwa sababu nilikuwa na sauti nzuri ya kusomea Kurani. Jirani wa kulia ameniletea ndimu kavu nizimumunye, na mdomo wangu ulivyochanika, nilizimumunya huku nikiona nyota. Mwingine akaja na mzee wa kunichoma chuma cha moto nyuma ya sikio. Huyo nilimtoa mimi mwenyewe mpaka mlangoni. Na wewe usicheke, maana tangawizi uliyoniandikia nitafune ilinifungia ulimi siku mbili nzima, na Marhoon akasema nyumba haijapata kuwa na utulivu kama ule.

Marhoon ndiye anayenimaliza. Nikisimama katikati ya maneno kwa sababu ulimi umeganda, yeye humalizia sentensi yangu, tena humalizia vibaya.

Mkate siwezi kuumeza bila ya kuuzamisha kwenye mchuzi. Magego mawili yameng'olewa. Halwa naitazama tu inavyopita mbele yangu. Popote ninapokwenda nina chupa yangu ya maji chini ya buibui, na tangu wameanza kutengeneza barabara ya Ruwi, malori yanapita kutwa na vumbi lote linaingia kwetu, basi hata hayo maji yananitosha kufika mlango wa pili tu. Ramadhani hii nilifunga siku tatu, ya nne nikaanguka jikoni. Nikawa nakunywa maji mchana nimejificha stoo, mtu mzima mwenye nywele nyeupe, nikisikiliza nyayo za watu. Najua ninayo ruhusa. Lakini ruhusa haikuniondolea aibu.

Haya, sasa tende.

Unakumbuka mama alivyokuwa akifanya. Akizaliwa mtoto yeyote katika ukoo wetu, aliitwa yeye kwanza, kabla mtoto hajaonja maziwa. Aliitafuna tende taratibu mpaka ikalainika, akaichota kwa kidole, akampaka mtoto kaakaani huku akimwombea. Wewe alikupaka, mimi alinipaka, na Hind pia alimpaka. Watu walisema wewe umechukua upole wake kwa njia hiyo. Mimi hawakusema nimechukua nini. Mama alipotutoka, na wewe uko huko mbali, jambo hili likabaki kwangu. Na Hind ni mtoto wangu wa pekee, na wewe mwenyewe unajua amekaa na mumewe Bakhit miaka mingapi bila ya mtoto, tukiomba na kunyamaza.

Basi katikati ya hayo akaja Bi Masouda, mamake Bakhit. Mpemba, meno yote yamo kinywani, na mate ya kubandika stempu za posta nzima. Sina ugomvi naye, ila kwamba anapika vizuri, hasemi sana, na kila mtu anampenda. Jina lilikuwa lishakwenda kwao zamani: akizaliwa mwanamume ataitwa Mahfoudh, jina la marehemu mumewe. Nilijiambia jina liende kwao, tende ibaki kwetu, nisije nikamwacha mtoto huyu bila ya chochote cha mama yetu.

Hind, mwanangu, aliniona ninavyohangaika. "Mama, si uiponde tu kwenye kisahani na maji ya waridi? Nani atajua?"

"Ntajua mie," nikamwambia.

Marhoon akaenda kumuuliza sheikh bila ya kunishauri, akarudi na furaha kwamba sheikh amesema hakuna ubaya, ikipondwa inatosha. Nikamwambia sheikh ana mate yake. Nilikuwa mkaidi, najua. Lakini maradhi haya yamenichukulia halwa, meno, saumu na sauti yangu ya kusoma, na nilikataa katakata yanichukulie na hili.

Mtoto akazaliwa Jumanne alfajiri. Asubuhi ile sikusema na mtu. Nilikuwa nayaweka mate akiba, ndio, cheka. Waliponiuliza chai, niliitika kwa kichwa. Marhoon akadhani nimenuna, akaanza kuniomba radhi kwa mambo ambayo hata sikuwa na habari nayo, na mengine nitayafuatilia.

Bakhit akamsomea mwanawe adhana sikioni. Alisoma vizuri. Kisha chumba kizima kikanigeukia mimi. Nikapiga bismillahi, nikachukua tende niliyoichagua mwenyewe, laini kuliko zote, nikaitoa kokwa, nikaitia mdomoni.

Dada, haikuwa tende tena. Nilitafuna kama mtu aliyepewa pamba ya godoro. Nusu ilinata juu, nusu ikaingia penye mapengo ya magego, na ulimi haukuweza kuifuata huku wala kule. Nikatafuna. Mtoto akaanza kulia. Nikatafuna. Hind alikuwa ananitazama kutoka kitandani kwa macho ya huruma, na huruma ile ilinichoma zaidi kuliko ndimu zote. Nilitaka kulia na sina machozi. Nikageukia ukutani nikaitoa tende kwenye leso, kavu vile vile.

Hapo Bi Masouda akainuka. Nikajua kwisha, sasa ataichukua nafasi yangu na nitalazimika kumshukuru. Akachukua tende sahanini, akaitafuna bila ya haraka, akaitoa. Kisha akanikamata mkono wa kulia, kama mtu anayemtia mwenziwe hina, akaiweka tende ile kwenye ncha ya kidole changu.

"Mpake wewe, Bi Kheiria," alisema. "Mie jina lanitosha."

Ningependa kukuandikia kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika, kwa sababu mwanamke yule hakuniachia hata kosa moja la kumshika nalo. Huko Mombasa wakikuuliza, waambie aliyempaka ni Kheiria. Ikiwa utaona lazima useme yote, basi sema mate yalikuwa ya Masouda. Mama yetu sijui angesema nini. Nadhani angecheka, kisha angemtetea Masouda.

Lakini lipo moja sijamwambia mtu, wala Marhoon, nakwambia wewe tu. Nilipokitia kidole kinywani mwa Mahfoudh, alinyamaza palepale. Akafumba midomo, akaanza kufyonza. Na ndani mlikuwa na maji, Dada. Maji ya uvuguvugu kila mahali, juu, chini, pembeni, mpaka yakamtoka kwenye pembe ya mdomo na kuteremka kidoleni kwangu mpaka kiganjani. Nilikuwa nimesahau kuwa kinywa cha mtu kiko hivyo. Tende ilikwisha zamani, dua nilikwisha kuiomba, na nilibaki nimekiacha kidole humo, nikiwasikia wakiniambia basi, mpe mama yake amnyonyeshe, nami sikukitoa.

Nisalimie shemeji Muslim, mwambie barua yake Marhoon ataijibu, ingawa mimi na wewe tunajua hataijibu. Wabusu Sayyida na Thabit. Hind anakuamkia, na Bi Masouda pia ameniambia nikupe salamu zake, nami nimezifikisha.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe afya na umri, akukutanishe na huyu mtoto ukiwa na nguvu zako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Kheiria