Gamba Katika Paa Lako

Vudee,
Same.
9 Oktoba 1949

Mpendwa kaka Naftali,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Muheza, na kwamba kile kidole ulichochomwa na mwiba wa mkonge kimepona. Sisi tu wazima, ingawa Lea wako anakohoa na Mama analalamikia magoti kama kawaida yake. Makande yapo na kuni zipo. Kisichopatikana ni usingizi, na ndicho kilichonikalisha hapa uani juu ya kinu, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye paa lako.

Daudi wa treni alikudokezea, lakini wacha nieleze mwenyewe. Mwezi uliopita nilipanda darini kushusha mahindi ya mbegu, nikashika kitu chepesi kinachochakarika. Nilidhani ni maganda ya mahindi. Nikakivuta, kikaja, kikazidi kuja, wala hakiishi. Lilikuwa gamba la nyoka, zima, limegeuka ndani nje kama soksi, hata vifuniko vya macho vimo. Baadaye tulilinyoosha uani kando ya mkeka wa Lea, likaupita mkeka. Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Mama anasema sikushuka, nilianguka.

Tangu siku hiyo tunalala jikoni, sisi watatu pamoja na mbuzi. Nyumba ya Mama iliangushwa na masika, kwa hiyo hatuna pengine ila kwako. Jikoni upepo unapita kila upande, na kikohozi cha Lea kimetokea humo. Mawingu yameanza kukaa juu ya mlima. Vuli ikianza kunyesha, sijui mtoto huyu nitamlaza wapi.

Ngoja. Nimeinuka kutazama, ni panya tu.

Mama hana wasiwasi. Anasema nyoka akiacha gamba ameaga, amehama, tumshukuru Mungu tulale. Mimi sikubali, na wewe ndiye shahidi wangu. Unamkumbuka yule kaa wa ndivani, kwenye bwawa letu la kumwagilia, siku tulipotumwa kufungulia maji ya shamba? Tulikuta ganda tupu, miguu yote ipo, tukasema masikini amekufa. Ukamchimbia kaburi, nami nikamwimbia wimbo wa kanisani. Kisha ukainua jiwe la pembeni na mwenyewe yupo pale chini, laini kama utumbo, hata kutubana hawezi, anangoja ganda jipya likauke. Basi ganda tupu si kuaga. Mwenyewe huwa karibu, kajificha. Tofauti ni kwamba kaa yule alikuwa mnyonge, na huyu wetu wa darini ametoka mpya, ameongezeka, na ana njaa.

Sasa popote nikitazama naona aliyevua kitu. Kuku wote wamenyonyoka. Yule jogoo aliyekuwa akitamba kijiji kizima amebaki na unyoya mmoja mkiani, anashinda nyuma ya migomba kwa aibu. Jirani yetu Anaeli alikuja mbio akipiga kelele kwamba ni kideri, tuwachinje kabla hawajaambukiza wake. Nikamkamata tetea mmoja, nikamwonyesha vishina vya manyoya mapya vilivyochomoza kwenye ngozi.

"Haya, lakini mbona hawatagi?" akaniuliza.

Ungetaga wewe, uko uchi kwa baridi hii? Mbuzi naye anajikuna kwenye nguzo, na manyoya yake tunayaokota ndani ya sufuria. Kwenye mti wa kahawa nyenze ameacha koti lake, mgongo umepasuka, kucha bado zimeshika gome. Kila mmoja anavua, isipokuwa nyumba yako na nyasi zake kuukuu.

Maana dawa ni hiyo moja, kaka. Tuezue paa lote mpaka fito zionekane, nyoka akose pa kujificha, kisha tuezeke upya kabla ya mvua. Mzee Zebedayo mwezekaji yuko tayari na nyasi zimekwisha kukatwa. Aliyekaa mlangoni kutuzuia ni Mama. Unayajua maneno ya boma letu: nyumba ya mtu aliye hai, mkono wake ndio unaovuta nyasi za kwanza. Inayoezuliwa mwenyewe hayupo ni ya marehemu.

"Mimi simziki mwanangu kwa mkono wa Zebedayo," alisema, na mzee wa watu akachukua panga lake akaenda zake.

Ulimtuma Daudi atuambie tumvizie nyoka tumpige. Ahsante sana. Ila fimbo ya mbali haiui nyoka, nawe ni fimbo ya mbali kwelikweli.

Sababu ya kutorudi kwako ninaijua. Justa alifia ndani ya nyumba ile, na wewe hukutaka kuona tena hata kizingiti chake. Mimi pia nilimpenda wifi yangu. Lakini Lea hana kosa ila kuzaliwa siku ile ile. Nimekukasirikia, kaka, na nimekukumbuka, na siku nyingine siwezi kujua lipi ni lipi.

Koti lako lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango mpaka jana, kama ulivyoliacha. Nimemzoesha Lea kuliamkia kila asubuhi, "Shikamoo baba," asije akamsahau mtu ambaye hata hamjui. Juzi nilikuwa namweleza habari za gamba, kwamba nyoka akikua, koti lake linambana, basi hulivua akaliacha, akaenda zake. Akaligeukia koti lako.

"Shangazi," akaniuliza, "kwani baba amekuwa mkubwa kiasi gani?"

Nilichukua mtungi nikaenda kuchota maji, na mtungi wenyewe ulikuwa umejaa.

Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu Zebedayo anarudi, Mama apende asipende. Treni unaijua, na njia ya kupanda kutoka Same miguu yako haijaisahau. Ukiwepo, utavuta nyasi za kwanza kwa mkono wako. Usipokuwepo nitazivuta mimi, na Mama atakulilia hapa uani kilio cha mfiwa. Sitamnyamazisha.

Koti nimelifua, liko kwenye kamba. Kama kweli halikutoshi tena, njoo useme mwenyewe, tumkatie Lea.

Mama anakusalimu sana. Kuhusu nyoka alinikataza nisikuandikie. Anaeli anakusalimu, na jogoo pia angekusalimu kama asingekuwa mafichoni. Nisalimie Hezroni na Wapare wote mlio nao huko mkongeni. Mungu anayewarudishia kuku wetu manyoya yao akufunike njiani, akufikishe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye huku nikikugombeza,

Zipora