Kofia ya baba ilirudi ndogo

Butembo, dimanche usiku

Mpaka sasa haya inanishika. Kofia ya baba, ile ya sufu ya bei chini, mvua iliiharibu. Jana nikailowesha maji ya moto, nikaivalisha kwenye sufuria ili irudie umbo lake, nikaikausha karibu na makala ya jiko. Lakini sufuria ilikuwa ndogo kuliko kichwa chake. Kofia ikajikaza palepale.

Sikumwambia. Nikaiweka kwenye kiti chake, basi.

Asubuhi akaivaa hivyo hivyo, ikakaa juu kabisa ya kichwa. Kwenye mulango wa kanisa bamama ba korali bakaanza kucheka. Mimi nikabaki nyuma, kama mutu asiyemujua.

"Muzee, kofia gani hii?"

"Binti yangu njo yeye alinitengenezea," baba akajibu kwa sauti, akageuka kunitafuta ili banione.

Nilikuwa nimejificha.