Mungu Asiye na Haraka

Jumapili, Mei, 1955.

Mvua haikunyesha leo, ila ukungu umekaa juu ya migomba tangu alfajiri kama mgeni asiyejua kuaga. Nguo hazikauki. Nina hasira, na nimeona niiandike kabla haijapoa, maana ikipoa nitaanza kuwatetea watu.

Leo asubuhi, kanisani kwetu, mtoto mchanga amekufa mikononi mwa mama yake wakati baba yake amesimamishwa mbele aseme kwamba yeye si ukoo wa nyani.

Miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kuanza somo mwishoni. Leo nimeanza huko. Sasa nirudi nyuma nieleze kwa utaratibu.

Elia, baba wa mtoto huyo, nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe. Siku hizi anafanya kazi kule Amani, kwenye kituo cha utafiti, kazi ya kukusanya wadudu na wanyama wadogo wa msituni. Jumapili alikuwa akifundisha darasa la kipaimara. Mkewe, Marta, ni binti wa Zefania, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Mimi pia ni mzee wa kanisa, ingawa wenzangu hunikumbuka zaidi wanapohitaji mtu wa kusoma kwa sauti.

Kiangazi kilichopita Elia alileta darasani vinyonga wawili ndani ya kikapu. Mmoja wa mlima wetu, mwingine wa mlima wa ng'ambo ya bonde. Akawaonyesha vijana pembe zao, jinsi zisivyofanana. Akawaambia kwamba hawa walikuwa na bibi mmoja. Bonde liliwatenga, vizazi vikapita, kila upande ukashika sura yake. Ndivyo Mungu anavyoumba, akasema, polepole, na bado hajaweka mikono chini.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kinyonga. Huku kwetu kinyonga akikatiza njia, mtu mzima aliyebatizwa, mwenye kofia na mwavuli, hurudi nyumbani na kusafiri siku nyingine. Elia amezoea kuwashika, akasahau. Wazazi waliposikia kwamba kinyonga ameingizwa kanisani walitetemeka. Lakini Mkristo hawezi kusimama mbele ya mchungaji akasema anaogopa kinyonga. Ikabidi watafute hofu yenye heshima zaidi.

Wakampata nyani.

"Kwa hiyo mimi na nyani ni ndugu?" Zefania alimwuliza mkwewe mbele ya baraza la wazee.

"Sikusema hivyo, baba. Nilisema Mungu—"

"Mungu mwache kwanza. Bibi yako alikuwa na mkia?"

Wazee wakacheka mpaka wengine wakajifuta macho. Nikaomba nafasi, nikasimama, nikaeleza. Kueleza ndiyo kazi niliyopewa duniani.

Niliwauliza: mahindi ya kule bondeni Maramba na haya yetu ya mlimani, ni mbegu moja? Wakasema ni mbegu mbili, ya kule haistahimili baridi yetu. Nikauliza, ya kwetu ilitoka wapi? Wakasema babu zetu waliipandisha kutoka huko huko bondeni. Basi ilibadilika lini? Kila mwaka bibi zetu walichagua mahindi ya mashina yaliyoshinda baridi, wakayatundika darini juu ya moshi, wakayapanda, wakachagua tena. Hakuna asubuhi hata moja ambapo mtu aliamka akakuta hindi geni shambani. Na hata hivyo hindi ni geni. Kama bibi kizee anaweza hayo kwa mkono wake na moshi wa jikoni, nani amemkataza Mungu asiyafanye kwa milima na miaka? Maandiko yanasema alitufinyanga kwa udongo. Mama zetu ni wafinyanzi. Nani kati yenu ameona chungu kikifinyangwa na kuchomwa siku hiyo hiyo kisipasuke? Mnawaambia watoto kwamba haraka haraka haina baraka, kisha Mungu peke yake mnamtaka awe na haraka.

Zefania si mjinga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mahindi hayana roho, Mwalimu," akasema. "Na roho haioti polepole kama ndevu. Ama unayo ama huna. Niambie basi, ni baba yupi aliyekuwa hana, akazaa mtoto aliye nayo?"

Ni swali zuri. Nilimwambia kwamba sijui. Akageuka kwa wenzake, akapiga kofi moja kama mtu aliyeua mbu, na kesi ikaisha.

Elia akatengwa. Kutengwa kwetu ni hivi: Meza ya Bwana huikaribii, unakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mtoto wako habatizwi mpaka urudi kundini. Kurudi kundini ni kupita mbele ya watu na kulitaja kosa lako kwa jina lake. Mwenyekiti akisema "Tumesikia" kwa niaba ya wote, umesamehewa.

Tangu siku hiyo Elia aliendelea kumwamkia mkwewe kila walipokutana. "Shikamoo, baba." Mzee anapita. Kuiacha shikamoo ya mtu hewani ni kumwambia kwamba hakuzaliwa. Nao watoto wa kijiji wakampa Marta jina, Mama Nyani, wakati tumbo lake lilikuwa linaanza kuonekana.

Alijifungua binti mwanzoni mwa masika. Mtoto alizaliwa na kifua kibovu. Ukimsikia akipumua, na wewe unasahau kupumua.

Mchungaji wetu ana makanisa mengi, na masika barabara huwa utelezi. Juma lililopita nilikwenda kwa Elia, nikamweleza kwamba kanisa lenyewe linafundisha: mtoto akiwa hatarini, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Bakuli la maji lilikuwa pale mezani. Nilikuwa tayari kumbatiza mimi, kisha nikajibu mbele ya baraza la wazee.

Elia akatikisa kichwa. "Mwanangu haingii kwa Mungu kwa mlango wa uani, Mwalimu. Mimi sijamkana Mungu. Kwa nini nimwibie?"

"Mlango wa uani nao ni mlango!" Marta akapiga kelele. "Wewe na baba mmefanana. Mna shingo moja."

Akamgeuzia mgongo. Elia akalisogeza bakuli pembeni. Hatimaye akasema, "Jumapili mchungaji anakuja. Nitasema wanachotaka." Nilimwona ni mwanamume kuliko wakati wowote mwingine, na nilimhurumia. Si uongo mdogo kwa mtu kama yeye.

Ndiyo leo.

Alipita mbele kwa koti lake la harusi. Marta alibaki benchi la nyuma na mtoto ndani ya kanga. Nilikuwa nimekaa ubavuni na wazee wenzangu, na kifua kile nilikisikia kutoka huko.

"Nilifundisha jambo lililowakwaza wenzangu," Elia akasema. "Naomba radhi."

"Kosa lina jina," Zefania akajibu.

"Nilisema viumbe vimebadilika."

"Viumbe gani? Huku hatujasikia."

Mtu mmoja nyuma akalia kama nyani, kwa sauti ndogo. Vicheko vikapita kwenye mabenchi. Mchungaji akakohoa, akatazama maji yake ya ubatizo.

"Sema hivi," Zefania akamwambia, "mimi si ukoo wa nyani."

Elia akasema.

"Sauti, bwana wa vinyonga! Darasani sauti ulikuwa nayo."

Hapo Marta akasimama. "Baba. Mtoto."

Zefania hakugeuza hata shingo. "Ngoja. Mambo ya kanisa yana utaratibu."

Nikainuka kwenye kiti changu, nikasema, "Mwenyekiti, yatosha." Akaninyooshea kiganja, kama tunavyowanyooshea wanafunzi. Elia akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka njiwa wa kwenye paa wakaruka: "Mimi si ukoo wa nyani!"

Zefania alitazama upande wa wanaume, akatazama upande wa wanawake, kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kusema umekolea.

Ndipo akasema, "Tumesikia."

Mchungaji akachovya mkono. Marta akaja mbele taratibu mno, akafunua kanga. Mchungaji akamtazama mtoto, akainama, akaweka sikio. Akakaa hivyo. Kisha akautoa mkono wake majini na kuupangusa kwenye joho.

"Ubatizo ni wa walio hai," akasema polepole.

Marta hakulia. Alimgeukia baba yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei sokoni.

"Baba, unasema Mungu alimwumba mtu mzima kwa siku moja. Wewe asubuhi nzima umeshindwa kumlowesha kichwa mtoto mchanga."

Naandika na hili, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuliandika: nilimtazama Zefania wakati ule, uso wake umekuwa kama majivu, nikafurahi. Mtoto bado hajapoa, na mimi nikafurahi.

Mchana tulizika. Wasiobatizwa huzikwa nje ya uzio wa mimea ya masale unaozunguka makaburi ya kanisa, na kengele haipigwi. Zefania aliomba mtoto aingizwe ndani. Aliomba kwa adabu, kofia mkononi. Wazee waliocheka naye siku ile ya baraza wakatazamana, na mmoja wao akamjibu, "Mwenyekiti, kanuni hii ulitutilia mkazo wewe." Elia alichimba mwenyewe, hakumpa mtu jembe. Mchungaji alisimama upande wa ndani wa masale. Sala niliisema mimi.

Tulipomaliza, Elia alijipangusa udongo mikononi, akamsogelea mkwewe.

"Shikamoo, baba."

Sijui kama ilikuwa adabu au kisu. Zefania alifungua mdomo, na marahaba haikutoka. Elia alisubiri kidogo, akamshika mkewe mkono, wakaenda zao.

Jioni, kabla sijawasha taa, Zefania alikuja hapa kwangu. Hakukaa. Alisimama chini ya baraza, mwavuli umefungwa mkononi, ukungu umemlowesha mabega. Nimemfahamu tangu tukiwa tunachunga mbuzi, na sijawahi kumwona akisimama hivyo.

"Mwalimu," akasema, "wewe umesoma. Yule mtoto yuko wapi sasa?"

Mtu aliyejua yote ya siku ya kwanza ya dunia alikuja kuniuliza habari za siku hii moja ya mjukuu wake. Na safari hii jibu nilikuwa nalo. La roho sikulijua, hili nalijua, na nimelipata kwa vinyonga wa Elia. Mungu aliyeungoja mlima uinuke, bonde lichimbike, na mnyama mdogo abadili pembe zake kizazi baada ya kizazi, hawezi kukosa subira ya kumngojea mtoto aliyechelewa maji kwa pumzi chache. Mungu mwenye haraka ndiye wa kuogopwa. Huyo angefunga mlango leo asubuhi. Huyu wangu hajawahi kuogopa kwamba mchana unakwisha. Sioni kinachonizuia kumwamini na kuamini pia kwamba alituleta kwa njia ndefu. Naona njia ndefu ndiyo inayonipa moyo wa kumwamini.

Hayo ningeweza kumwambia. Ningetumia mfano wa mbegu, au wa chungu. Angenisikiliza, maana kwa mara ya kwanza alikuwa anauliza kwa kutaka kujua.

Nikamwambia, "Ngoja, mzee mwenzangu. Mambo ya kanisa yana utaratibu."

Aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi, akashuka njiani. Mwavuli wake ameusahau hapa, umeegemea nguzo. Nauona kutoka mezani.

Watu husema mimi ni mtu wa subira. Nimekaa hapa najiuliza subira yangu ni ya aina gani, kama naweza kumsifu Mungu kwa kungoja, papo hapo nikamngojesha mzee mwenye msiba ili nimuumize.

Kesho nitampelekea Zefania mwavuli wake, na jibu lake.

Ila sitakwenda asubuhi.