Kamera ya Sebuleni kwa Mama

Mdogo wangu Leokadia,

Kamwene. Huku Ilomba mvua haikatiki. Mguu wa mama unaendeleaje?

Jana nilikwambia uichomoe ile kamera, eti imeharibika. Nilikudanganya. Isakwisa wa hapa gereji alinionyesha video iliyosambaa mtandaoni, kwenye simu yake. "Kaka, huyu si mama yako?" Alikuwa mama, wewe unamwogesha sebuleni karibu na jiko la mkaa sababu ya baridi. Namba ya siri iliyokuja na kamera sikuibadilisha, ili ndugu wote tuingie kirahisi. Kumbe mtu yeyote mwenye intaneti anaingia. Wameangalia wangapi, sijui.

Tena kamera sikuiweka kwa ajili ya wezi kama nilivyokwambia. Wifi yako alisema humlishi mama, nikaamini. Miezi mitatu nimekuchungulia, sijaona kosa lako hata moja.

Ukianza kumvua nguo mama, mimi nilikuwa nazima simu, maana ni mama yangu. Nilidhani nikizima mimi, basi amesitirika.

Jumamosi nakuja Kihesa kumwambia mama mwenyewe. Ukinifungia mlango, nitakaa hapo nje.

Ni mimi kaka yako, nimekosa,
Antoni